Siku Haji Aliposhiba

Joubert Park, Johannesburg
Wiki moja baada ya Idi

Dada Mwanaisha,

Shikamoo dada. Asalaam aleikum wewe na wote mnaolala chini ya bati lile. Mimi mdogo wako mzima kabisa, ukiacha magoti, na habari ya magoti inakuja. Mama anaendeleaje na mguu? Ile dawa ya kuchua aliyoletewa kutoka Pangani imesaidia, au imeishia kunuka tu? Na vitumbua vyako bado vinaisha kabla ya saa mbili asubuhi? Mimi huku nilivitamani mpaka nikajaribu kupika mwenyewe. Nilitazama video mara tatu, vikatoka vigumu kama vigae. Nikavila hivyo hivyo, maana niliyemtesa ni mimi mwenyewe.

Najua unajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Dada, wewe sauti zangu za WhatsApp unazifungulia spika mbele ya foleni ya wateja. Ngamiani nzima inajua Jumanne nilikula nini. Hili la leo halifai spika. Kaa peke yako usome, ukimaliza ndo uamue umsomee nani.

Haya. Ni ile timu. Nilipokwambia nimekuwa mchezaji wa kulipwa Afrika Kusini sikukudanganya. Mkataba nilisaini kweli, na yule kwenye picha na jezi ya njano ni mimi, sijamwazima mtu. Wewe ukamwambia mama, mama akamwambia shehe, na nasikia vijana wa maskani wameandika jina langu ukutani kwa mkaa. Ila kuna kitu sikukwambia. Tulikuwa tunafungwa. Sio siku moja moja, dada. Kila mechi. Ligi nzima ni mechi kumi na mbili, sisi tulifungwa kumi na moja mfululizo, na kipa ni mimi.

Usinune. Soma, kuna raha mbele.

Kwanza mpira wenyewe sio huo unaoujua wa kule Mkwakwani. Huu unachezwa ndani, kwenye ghala la zamani nyuma ya Fordsburg. Timu ina watu sita, na uwanja mzima umezungushiwa ukuta wa mbao unaofika kifuani. Hakuna mpira kutoka nje, hakuna kurusha. Ukipiga ukagonga mbao unarudi, unakukuta bado unafikiri. Ni kama kucheza ndani ya sufuria. Chini kuna zulia la nyasi za plastiki, na zulia hilo ndilo lililonichuna magoti mpaka nikawa naswali kwa kuyaomba radhi.

Ligi ilianzishwa na bosi mmoja anayeuza hayo hayo mazulia. Alitengeneza timu nne, akatulipa, akaweka taa na muziki, watu waje waone mpira na walione zulia lake. Sisi tulijua tumepata bahati. Kumbe tulikuwa tangazo. Timu yetu iliitwa Umeme, na kama umeme wa huku, ilikuwa inakatika wakati unaihitaji.

Mimi niliingiaje? Si unajua nalinda duka la vitambaa Fordsburg. Mbele ya duka kuna jamaa anauza machungwa, na kazi ya ulinzi, dada, ni kusimama mpaka akili inaota kutu. Basi nikawa namwambia anirushie machungwa, kushoto, kulia, juu, chini, nayadaka. Nikaingia kwenye simu nikatazama makipa wanavyoanguka, nikawa najaribu chumbani kwenye godoro, jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Pembeni ya duka hilo yupo fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi, anaitwa Papa Kasongo. Mtu mrefu, mpole, futi ya kupimia nguo haitoki shingoni hata akiwa anakula. Siku moja akazima cherehani yake akaniuliza:

"Weye, hiyo mikono inalalaka saa ngapi?"

Nikamwambia, "Hailali, mzee."

"Muzuri. Kuya kesho, nakupatia kazi."

Ndo nikajua kwamba fundi wetu wa kupunguza suruali ndiye aliyepewa Umeme aifundishe. Kwao alikuwa kocha kweli, kafundisha vijana miaka na miaka, ana kidaftari kimejaa michoro. Kisha maisha yakamleta huku, na kwa miaka tisa hakuna aliyemwita kocha. Ni "fundi, hii suruali lini?" basi. Bosi alipomchukua, jezi zote alizishona mwenyewe. Yangu aliishona mikono mara mbili, akisema kipa ndiye anayeanguka.

Mafunzo yake yote yalikuwa neno moja: ukuta. Alikuwa anapima mbao kwa ile futi, anapiga mstari kwa chaki ya kukatia nguo, anatuonyesha mpira ukigonga hapa utarudia pale. Alituambia ukuta ndo mchezaji wa saba, mpe mpira atakurudishia, hana wivu. Kulikuwa na alama moja ya msalaba upande wa kulia, aliichora upya kila wiki. Mimi nikidaka, nirushe kwa nguvu nipige pale penye msalaba, mpira uruke umwangukie Haji mbele ya goli lao. Haji ndo mshambuliaji wetu, Mzanzibari anayeuza makava ya simu karibu na Park Station. Mazoezini tulifanya mara mia, safi. Kwenye mechi haikutokea hata mara moja.

Kwa nini? Kwa sababu Haji hakai mbele. Sisi tukishambuliwa, na tulikuwa tunashambuliwa muda wote, Haji anarudi mbio kusaidia. Wote tunarudi. Unajua watu wa kwetu, nyumba ya jirani ikiwaka hakuna anayebaki kwake. Nikidaka mpira nikiangalia mbele, mbele hakuna mtu, watu wote sita tumo golini kwangu tunakanyagana. Papa Kasongo alikuwa anaomba kwa Kiswahili, Kifaransa na mikono: "Haji, bakia mbele." Haji anajibu ndiyo kocha, kisha anarudi. Alisema moyo unamuuma kuniona peke yangu.

Kocha alikuwa na mke, Mama Beya, msusi, ana saluni ndogo hapa hapa Joubert Park. Mama huyo ulimi wake unakata nywele bila mkasi. Tulipofungwa mechi ya tatu alitangaza mbele ya wateja wake wote kwamba yeye uwanjani hatii mguu. "Nitakuya siku mutashinda," akasema. Mumewe akamwambia sasa Mama Beya, utajuaje siku hiyo kabla haijafika? Akajibu hiyo si shida yake, yeye si nabii. Tangu hapo kila mechi kulikuwa na kiti kimoja mstari wa mbele kocha anakiwekea koti. Koti linatazama mpira peke yake.

Kisha Ramadhani ikaingia, na bosi akaja na habari. Zulia amelipatia mteja. Mechi ya mwisho ikiisha, zulia linakunjwa siku hiyo hiyo, mbao zinang'olewa, ligi kwisha. Wachezaji wengine waligomba, mimi pia niligomba kwa Kizulu changu kibovu. Kocha hakugomba. Tulipobaki wenyewe alikaa juu ya mpira, akasema maneno ambayo sitayasahau. Alisema yeye hataki kombe. Anataka moja tu. Akishinda moja, atarudi kwenye cherehani akiwa kocha anayeshona nguo. Asiposhinda, atarudi akiwa fundi aliyewahi kudanganya watu kwamba ni kocha. Haji akatazama chini. Mimi nilitaka kulilalia lile zulia nisiondoke.

Sasa tatizo. Mechi hiyo ilipangwa saa kumi na nusu alasiri, na huku sasa ni baridi, jua linazama mapema, saa kumi na moja na dakika ishirini na kitu. Yaani futari inaingia ndani ya kipindi cha pili. Na kati yetu sita, wanne tumefunga. Papa Kasongo ni Mkristo wa kanisa kila Jumapili, lakini ratiba ya futari ya msikiti wa Mayfair alikuwa ameibandika kwenye cherehani kwa pini. Sheria ya ligi ni kwamba kila kocha ana taimauti moja ya dakika moja kwa kila kipindi. Akasema ya kipindi cha pili haigusi, hata tukifungwa kumi, mpaka jua lizame. Akauliza nani ataleta futari. Haji akasema tende za mfukoni zinatosha.

Ikaanza. Wapinzani walikuwa ndo mabingwa tayari, walikuja wanachekacheka, kipa wao jamaa mmoja mrefu wa Soweto anacheza na muziki golini. Labda ndo maana. Au labda njaa ilitupa akili. Dada, tulicheza. Nilidaka mpaka mipira ambayo sikuiona. Mpaka kipindi cha pili kinafika ukingoni ilikuwa nne kwa nne, na sisi hatujawahi kufika dakika zile bila kuwa tumeshakufa.

Hapo mlangoni akaingia Mama Beya. Kichwani sufuria imefungwa blanketi. Kocha alivyomwona alisahau kupumua. Mama akasema kwa sauti, ili pasiwe na kuelewana vibaya: "Sikuye kuangalia mupira. Nimeleta chakula." Akatoa koti kwenye kile kiti, akakigeuza, akakaa ameupa uwanja mgongo. Anatazama ukuta wa ghala.

Dakika sita zimebaki, adhana ikalia. Unajua ilitokea wapi? Mfukoni mwa Papa Kasongo. Alikuwa ameitega kwenye simu yake. Kanisa zima lingemwona! Akamwonyesha refa mikono, taimauti, sisi tukakimbilia benchi.

Kocha ameshika tende na chupa ya maji, anagawa moja moja kama dawa. Tende na maji, anasema, basi, dakika moja tu. Lakini Mama Beya ameshafunua sufuria. Bukari, ndo ugali wao, moto unatoa mvuke, na samaki wa mawese, yale mafuta mekundu ya kwao. Harufu ile, dada, siku nzima hujameza mate. Bila kugeuka mama akamwambia mumewe: "Mutu hajakula tangu asubui, unamupatia vitu vya kukauka?"

Mimi nilivua glavu ya kulia nikachota. Mara moja tu. Sawa, mara tatu. Haji yeye alikaa chini, akakunja miguu kama yuko kwenye mkeka kwao. Dakika moja ile sijui aliikunja wapi, lakini refa alipopuliza filimbi upande wake wa sufuria ulikuwa unang'aa.

Tukarudi mbio. Glavu yangu ikabaki juu ya mfuniko.

Mpira wa kwanza ukaja, nikaudaka, ukateleza, nikaukumbatia. Nikaurusha kwa Haji. Haji akapiga kishuti cha mtu aliyelala, mpira ukaenda pole pole mikononi mwa yule jamaa wa Soweto. Akaudaka akicheka. Ukamtoka kama kambale, ukapita katikati ya miguu, goli. Tano kwa nne! Tulirukiana, kocha anabusu futi yake. Kisha nikaona yule kipa anatazama glavu zake. Zimekuwa na rangi ya machungwa. Akamwita refa.

Refa ni mzee mmoja wa Kizulu, hana maneno. Akauchukua mpira, akaunusa. Akaunusa tena kama anayeonja mchuzi. Akauliza haya mafuta ya nani. Nilimtazama kocha. Kocha alikuwa anatazama chini, hakuniambia sema wala hakuniambia nyamaza. Mkono wangu nilikuwa nimeuficha nyuma. Ile ilikuwa mechi ya mwisho, goli la mwisho, moja aliyoitaka ndo hiyo. Na tende ilikuwa bado imenasa jinoni, dada. Ndo kwanza nimefungua swaumu. Ningeanzaje na uongo?

Nikauinua mkono. Mwekundu mpaka kwenye kiwiko.

Goli likafutwa. Mpira ukabadilishwa. Nne kwa nne, dakika tatu.

Nilifikiri kocha atanila. Aliruka mbao akaja na kitambaa chake cha kufutia chaki, akanifuta kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayesafisha cherehani, akanivisha glavu. "Ile haikuwa yetu," akasema. "Tutafute yetu."

Wakati huo wapinzani wanapiga kelele kuhusu samaki, na Mama Beya akasikia. Akageuza kiti.

"Nani anasema samaki yangu iko mubaya?"

Sasa alikuwa ametazama uwanja, na hakugeuka tena. Kocha aliona. Nilimwona anachukua lile koti lake, analivaa na kufunga vifungo vyote mpaka shingoni, kama bwana harusi.

Dakika zile tatu walitujia kama nyuki. Watu wetu wakafanya vile vile, wakarudi wote golini. Wote, isipokuwa mmoja. Haji alikuwa kule mbele, ameegemea mbao, mkono uko tumboni. Wenzake wanampigia kelele, "Haji, rudi! Haji!" Akainua mkono, akajibu kwa utulivu wa Unguja:

"Siwezi, nimeshiba."

Mabingwa nao walimwona vile wakamsahau. Nani amlinde mtu anayecheua? Wakapiga shuti, nikaanguka, magoti yakalia, lakini nikaudaka, mkavu, umenata kifuani. Nikainua macho. Kwa mara ya kwanza katika mechi kumi na mbili, mbele kulikuwa na mtu. Na mbaoni, upande wa kulia, ule msalaba wa chaki.

Nikarusha.

Ukagonga msalaba. Ukaruka, ukamwangukia Haji mguuni. Hakukimbia hata hatua moja. Aligeuka kama unavyogeuka kitandani kutafuta upande wenye baridi, akaugusa. Jamaa wa Soweto alikuwa anajifuta glavu.

Tano kwa nne. Ya kwetu.

Filimbi ya mwisho hata sikuisikia. Nilikimbia mpaka kwa Haji, nikataka kumbeba, akanisihi nisimbane tumbo. Papa Kasongo hakuruka. Alikaa juu ya zulia, akavua ile futi shingoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaiviringa taratibu, akaitia mfukoni. Mkewe akamjia, akasimama mbele yake, akamwangalia.

"Kumbe njo bukari yangu imefunga," akasema. Njo yao ndiyo ndo yetu.

Haji kutoka kule chini: "Basi mama, ongeza."

Vijana wa bosi walikuwa wameshafika na visu vyao kuja kukunja zulia. Tukawaomba kidogo, Magharibi inatoka. Tukajipanga, tukaswali pale pale kwenye nyasi za plastiki, na wao wakasubiri kofia mkononi. Tulipotoa salamu ndo wakaanza kukunja, kuanzia golini kwangu. Zulia likawa gogo kubwa la kijani. Tukalikalia, sufuria katikati, tukamaliza samaki. Na yule kipa wa Soweto akaja akaonja, akasema eish, kama wanavyoshangaa watu wa huku, hii ingenitoka tena.

Ndo hivyo, dada. Umeme imezimika, haiwaki tena. Lakini nenda Fordsburg leo ukamuulizie fundi Kasongo, watakuuliza fundi yupi. Mafundi wenzake wote wanamwita kocha, na yeye anaitika bila kuinua kichwa, kama jina alilozaliwa nalo. Ameanza kunifundisha kushona mifuko mchana nikiwa zamu, na Jumapili tunapiga mpira bustanini bila ukuta, Haji anarudi nyuma kama kawaida yake. Juzi mteja mmoja saluni alimtania Mama Beya kwamba mume wake alifungwa kumi na moja. Mama hakuacha hata kusuka. Akasema: "Mi mupira ya bwana yangu niliangalia. Hakufungwaka hata mara moja."

Nimemsikia nikasema, dada yangu aliyeko Tanga naye ajue kujibu hivyo. Kwa hiyo wakikuuliza maskani, jibu kama Mama Beya. Shehe tu ndo umwambie ukweli wote, na umwambie kwamba mkono niliuinua.

Nisalimie mama, mpe mkono wangu aushike. Nisalimie mjomba fundi baiskeli, mwambie magoti yangu sasa yanalia kuliko pedeli zake. Shemeji mwambie nakumbuka ahadi ya kofia. Watoto wabusu mmoja mmoja, yule mdogo mara mbili maana hatujaonana tangu azaliwe. Na bibi jirani anayelalamikia redio, yeye mwambie nimekuwa mtulivu.

Barua hii anakuletea dada mmoja wa Tanga anayerudi na basi. Humo kwenye mfuko kuna jezi, ndo ile ya njano iliyoshonwa mikono mara mbili. Mtundikie mama ukutani. Utaona doa la rangi ya machungwa mkono wa kulia, linapanda mpaka kwenye kiwiko. Najua wewe na sabuni. Hilo usilifue.

Mdogo wako, kipa aliyeshinda moja,
Idrisa